Mama Aliyetoka Nje Dominika ya Tatu

Nawasalimu, vijana wangu mnaoanza ukatekista, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Iyula, miguu juu ya gogo kwa sababu magoti yamegoma. Mvua inanyesha tangu asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni, huoni shamba linaishia wapi wala barabara inaanzia wapi. Saa kama hizi huwa nasinzia kidogo, na nikisinzia nasikia masomo ya Kwaresima yakisomwa kanisani, kwa sauti za watu ambao wengine wao tumeshawazika. Nikishtuka nakuta ni mvua tu juu ya bati.

Kwenye ile semina mliniomba niwaandikie jinsi ya kutafakari Maandiko wakati wa Kwaresima na Pasaka. Nadhani mlitaka mambo ya kunakili kwenye daftari. Nimejaribu mara tatu kuandika hivyo, nikashindwa. Kila nikifika Dominika ya Tatu ya Kwaresima kalamu inasimama, namwona mama mmoja akikaza khanga yake kiunoni na kutoka nje kwenye mvua. Basi nitawasimulia huyo mama. Nikishamsimulia yeye, mengine nadhani mtayaona wenyewe.

Nilizaliwa hapa hapa, kwenye kahawa. Nilipooa nikahamia upande wa Tunduma, kwa wakwe zangu, na huko ndiko nilikofundishwa kazi hii ya ukatekista na Mzee Gaspari. Alikuwa seremala, mtu mfupi, sauti yake ya chini sana, mpaka watu wa mabenchi ya nyuma walikuwa wanasogea mbele bila kuambiwa. Siku ya kwanza alinikabidhi Biblia akaniambia, "Somo la Dominika lisome mara tatu. Mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili msomee mkeo. Mara ya tatu lisimulie shambani, kwa kichwa, huku unapalilia. Pale utakapokwama ndipo hujaelewa." Ninyi mnasoma kwenye simu, na sioni ubaya, mwanga wake unasaidia umeme ukikatika. Ila simu haiwezi kukuonyesha ulipokwama.

Nilikwama mara nyingi. Mwaka wangu wa kwanza Mzee Gaspari alinituma nichome matawi ya ukindu ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita ili tupate majivu. Kwaresima kwetu huingia wakati mvua zimekolea, na mimi ule ukindu nilikuwa nimeuweka chini ya dirisha linalovuja. Haukushika moto. Nikamwagia mafuta ya taa, ukawaka vizuri ajabu. Jumatano ya Majivu watu wakajipanga, Padre akawapaka mmoja mmoja, na kanisa zima likanuka mafuta ya taa. Bibi Monika, aliyekuwa anakaa benchi la mbele na kusema lolote linalomjia, akasema kwa sauti, "Leo tumekumbushwa kwamba sisi ni vibatari." Padre alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Tangu siku hiyo matawi nilikuwa nayapachika juu ya dari ya jikoni, moshi uyakaushe toka Pasaka mpaka Kwaresima. Fanyeni hivyo nanyi. Majivu yake yanakuwa laini kama unga.

Na kuna jambo jingine vitabu havitawaambia. Dominika ya Kwanza mtasoma habari za jangwa, lakini mkitazama nje mlangoni mtaona mahindi yamesimama kijani kibichi, majani yanadondosha maji, tope jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Waumini wenu wanamfuata Bwana jangwani wakiwa wamelowa. Usiwaambie wafikirie mchanga, hawajauona. Mzee Gaspari alikuwa anawaambia hivi: "Mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, ya mwaka huu hayajakomaa. Tuko katikati. Hapo katikati ndipo Bwana alipokuwa siku arobaini." Watu walikuwa wananyamaza kabisa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anajua sauti ya debe linapokwanguliwa chini.

Sasa nije kwa huyo mama.

Aliitwa Nalungwe. Alikuwa Mnamwanga, umri kama wangu, na wakati huo nilikuwa nimepita arobaini kidogo. Alikuwa anauza maharage, anayapembua mwenyewe punje kwa punje, anayapeleka soko la Tunduma na siku nyingine anavuka nayo mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Aliishi peke yake kwenye chumba kimoja nyuma ya barabara ya malori. Alianza mafundisho ya ukatekumeni akiwa na wenzake sita, na kwa miaka miwili hakukosa kipindi. Katika wote niliowafundisha, sijapata aliyeuliza maswali kama yeye. Nikifundisha habari za Nuhu anauliza mke wa Nuhu alikuwa anapika nini mle ndani. Nikifundisha Abrahamu na Isaka anauliza kama Sara aliambiwa. Mimi nilikuwa nasema, "Tutaliona hilo mbele." Mbele kwenyewe hatukufika.

Wote saba walitakiwa kubatizwa Pasaka ya mwaka huo. Kwenye mafundisho ya mwisho niliwasimulia kwa kifupi masomo ya Dominika zilizobaki: mwanamke Msamaria pale kisimani, yule kipofu, kisha Lazaro. Nalungwe akaniuliza, "Huyo wa kisimani tutamsoma lini?" Nikamwambia Dominika ya Tatu. Akasema, "Nitawahi."

Dominika ya Tatu Padre alikuwa kigango kingine, kanisa dogo jingine la parokia yetu, kwa hiyo niliongoza mimi Ibada ya Neno. Kanisa lilijaa, mvua ilikuwa inapiga, na nilikuwa najisikia vizuri. Vijana wangu, muogopeni mhubiri anayejisikia vizuri. Nilisoma Injili kwa sauti ya kupanda na kushuka. Nilipofika kwenye waume watano nikaona watu wametega masikio, nikaamua nikae hapo hapo. Nikasema huyu alikuwa mwanamke wa namna gani, jamani? Waume watano, na wa sita kamkodi! Nikasema hata hapa mpakani wapo wa namna hiyo, waume wamewapanga kama malori kwenye foleni, huyu anagongewa muhuri, mwingine anasubiri zamu.

Watu walicheka. Walicheka sana, wengine wakapiga makofi. Na katikati ya kicheko hicho macho yangu yakaenda kwake. Sikukusudia, lakini yalikwenda, na watu wakafuata macho yangu. Maana mtaani ilikuwa inasemwa kwamba Nalungwe ameshapita kwa wanaume wanne.

Aliinuka taratibu. Akakaza khanga kiunoni. Akaweka kitabu chake cha nyimbo kwenye benchi, akakisawazisha kikae sambamba na ukingo, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Akatembea katikati ya kanisa mpaka mlangoni, akatoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa.

Mimi nikaendelea kuhubiri.

Baada ya ibada watu walinipa mkono. "Mwalimu, leo umechapa kweli kweli," waliniambia. Mzee Gaspari peke yake ndiye hakuinuka. Alikuwa ameshastaafu, anatembelea fimbo. Alisubiri kanisa liishe watu, akapigapiga benchi kwa kiganja nikae karibu yake.

"Fungua tena ile Injili," akasema. "Nionyeshe mahali Bwana alipocheka."

Nikafungua. Nikapita mstari kwa mstari. "Hakuna, mzee."

"Nionyeshe alipomwambia huyo mama kwamba ni mwanamke mbaya."

Nikatafuta. Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia matone yakidondoka kwenye ndoo pale sakristia. Kwa miaka yote nilikuwa nimeisoma Injili ile nikiwa na uhakika kwamba mahali fulani yapo maneno ya kumkemea, ya kumwambia aache dhambi zake. Hayakuwepo. Bwana alimwambia maisha yake yalivyokuwa, basi. Na mama yule hakukimbia. Alibaki pale, akauliza habari za kuabudu, swali ambalo hata wanafunzi walikuwa hawajaliuliza.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa hayo uliyowaambia watu umeyasoma wapi?"

Nikafunga kitabu. Mzee Gaspari akainuka, akaegemea fimbo. "Nenda kwake," akaniambia. "Usiende na kitabu."

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta mlangoni kwake, ungo mapajani, anapembua maharage. Hakusimama, lakini alinisogezea kigoda kwa mguu, maana mgeni ni mgeni.

"Karibu, mwalimu."

"Asante, mama. Nimekuja… kama jana kuna neno limekukwaza, naomba unisamehe."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Kama?" akauliza.

Akaendelea kupembua. Kwa kukosa la kufanya nikachota maharage kiganjani nami nikaanza kuchambua, mawe upande huu, mabovu upande ule. Malori yalikuwa yananguruma barabarani, yakisogea hatua mbili na kusimama, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inatufikia pale tulipokaa. Mpaka leo nikishika maharage mabichi mkononi nakuwa pale pale, na sijui kama ni asubuhi au jioni.

Halafu akaanza kusema bila kuniangalia.

"Wa kwanza alikuwa anachimba dhahabu huko Mkwajuni. Shimo lilimfunika. Sikuona hata maiti. Wa pili alikuwa mdogo wake, nilirithishwa. Hakuna aliyeniuliza. Mwaka wa tatu akaniambia tumbo langu ni jiwe, akanirudisha kwa baba. Wa tatu dereva. Aliniambia anakwenda Lubumbashi wiki mbili. Nikamngoja miaka minne. Wa nne alikuwa mzee, mgonjwa, nilimuuguza mpaka nikamfumba macho. Siku ya arobaini watoto wake wakaniwekea mabegi nje." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Mwalimu, katika hao sikumchagua hata mmoja, na sikumwacha hata mmoja."

Nikaendelea kuchambua. Sikuthubutu kuinua uso.

"Ulipotusimulia huyo mama wa kisimani," akasema, "nilisema moyoni, huyu ndugu yangu. Nilihesabu Dominika mpaka ifike siku yake. Nilitaka kumsikia akiongea na Bwana. Wewe ukamfanya kichekesho."

"Nimekosa, mama," nikasema. Safari hii sikuweka "kama".

"Nimekusikia. Lakini ulinisema mbele ya watu wote, na msamaha unauomba hapa kwenye maharage yangu."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, Veronika. Nilitegemea anihurumie. Nilimwambia katekista hawezi kusimama mbele ya waumini na kujishusha, atafundisha nini baada ya hapo? Veronika alikuwa anasonga ugali. Akasema, "Kwani sasa hivi unafundisha nini?" Akaendelea kusonga.

Dominika ya Nne Padre alikuja kutusomea Misa, na nilifurahi sana kwamba si zamu yangu. Lakini Injili ilikuwa ya yule kipofu wa tangu kuzaliwa, na Padre akaeleza habari za wale waliokuwa na uhakika kwamba wao wanaona. Nilikuwa nimekaa karibu na altare, watu wote wananitazama, na nilijisikia kama nimevaa kanzu iliyogeuzwa ndani nje. Benchi la Nalungwe lilikuwa wazi. Hakuna aliyekaa pale, ingawa kulikuwa na watu wamesimama mlangoni.

Wiki ile nzima nilitembea kama mtu wa ndotoni. Nilikuwa nalima bila kuona nilipolima. Nilipofika Dominika ya Tano, siku ya Lazaro, nilikuwa nimeandaa tafakari ya kurasa mbili. Nilisoma Injili mpaka pale Bwana anapoagiza jiwe liondolewe, na Martha anasema ndugu yake ananuka sasa. Hapo nikakwama. Kurasa zangu mbili nikazikunja.

"Ndugu zangu," nikasema, "Dominika ya Tatu nilikosea mbele yenu. Injili haikusema niliyoyasema. Nilimcheka mama ambaye Bwana hakumcheka, na kwa njia hiyo nikamdhalilisha mwenzetu, Nalungwe, aliyekuwa amekuja kumsikiliza Bwana. Hakunikosea lolote. Mimi ndiye niliyemkosea. Naomba mnisamehe, na namwomba yeye anisamehe."

Nikatazama benchi lake. Lilikuwa wazi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba atakuja, na hakuja.

Kisha Bibi Monika akainuka benchi la mbele. Nikasubiri atuchekeshe. Akasema, "Mwalimu amesema lake. Na sisi tuliocheka?" Akatoka nje na mkongojo wake, na akina mama wakamfuata, mmoja, wawili, mpaka upande wao wote ukabaki mtupu. Ibada haikuisha siku hiyo. Tulikwenda wote mpaka nyuma ya barabara ya malori, tukiwa tumejifunika mifuko na khanga.

Mlango wa Nalungwe ulikuwa na kufuli. Jirani akasema ameondoka tangu Alhamisi, amevuka mpaka, amebeba mzigo mkubwa. Nilipiga simu yake mara nyingi. Haikupatikana.

Juma Kuu lilipita juu yangu kama maji. Siku ya Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, niliyafanya yote, na sikumbuki nilifanyaje. Ninachokumbuka ni Kesha la Pasaka pale parokiani, vigango vyote tumekusanyika. Giza lilikuwa ndiyo linaingia, manyunyu yanaanguka, na moto mpya unahangaika kuwaka. Padre akawasha mshumaa wa Pasaka, tukaufuata ndani kwenye kanisa lenye giza, na mwanga ukapita kutoka mshumaa hadi mshumaa, nyuso za watu zikitokea moja moja kama zinaumbwa sasa hivi. Mama yangu mzazi alikulia kwa Wamoravian wa Mbozi Mission, na nikiwa mdogo alinipeleka kwa bibi kule, tukaenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kama ilivyo desturi yao, na watu wanaimba kwenye ukungu. Usiku ule wa mishumaa nilimwona bibi yangu waziwazi katikati ya zile nyuso. Kesha la Pasaka lina tabia hiyo, vijana. Utawaona wengi.

Kisha Padre akaanza kuwaita wanaobatizwa. Akasoma majina ya kigango chetu. Sita waliitika. La saba akalisoma, akangoja, akalisoma tena. Mimi ndiye niliyeandika orodha ile, na sikuwa nimelikata. Sikuweza.

Dominika iliyofuata ilikuwa ya Tomaso. Nawaomba mwisome Injili hiyo polepole. Tunamwita Tomaso mwenye mashaka, tunamsema kila mwaka. Mimi mwaka ule nilipokuwa naisimulia kwa kichwa shambani, nilikwama mahali ambapo sijawahi kukwama: kwamba Tomaso hakuwepo. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kumwona Bwana, mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini siku nane baadaye Bwana alirudi tena mle ndani, kwa ajili ya mmoja ambaye hakuwepo. Nikaacha jembe pale pale.

Nilivuka kwenda Nakonde siku ya soko. Nilikuwa nimevuka mara nyingi, kwa chumvi, kwa misiba ya wakwe, lakini siku hiyo nilitembea mle sokoni kama ni nchi nisiyoijua. Nilimuuliza kila mwuza maharage. Mwishowe mama mmoja Mbemba akanielekeza kwa mkono nyumba yenye bati la bluu. Nikamwambia natotela, yaani asante, ambalo ndilo neno pekee la Kibemba ninaloweza kulisema bila kuchekwa. Alicheka hata hivyo.

Nalungwe alikuwa uani anafua. Aliponiona aliacha nguo kwenye beseni.

"Mwalimu! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekutafuta. Tulidhani umekimbia."

"Nimkimbie nani? Dada yangu ameteleza kwenye tope, amevunjika mguu. Nani angempikia?" Na kweli dada mtu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa bandeji ngumu mpaka gotini. "Simu nayo iliangukia kwenye maji."

Wiki zote hizo nilikuwa nimembebesha hasira ambazo hakuwa na muda nazo. Nikakaa chini, nikamweleza yote, ya Dominika ya Tano, ya Bibi Monika, ya kufuli mlangoni. Alisikiliza mikono ikidondosha povu.

"Ulisema nini hasa?" akauliza.

"Nilisema nimekosea…"

"Hapana. Sema kama ulivyosema kule. Simama."

Nikasimama pale uani. Majirani walikuwa wameshaanza kusogea, maana mgeni wa kiume aliyesimama katikati ya ua huku amevua kofia ni jambo la kutazamwa. Nikasema yote, kuanzia "Ndugu zangu." Dada mtu, pale mkekani, akawa anawatafsiria majirani kwa Kinamwanga, sentensi moja baada ya nyingine, na mahali pengine nilisikia tafsiri imekuwa ndefu kuliko nilivyosema, na kichwa changu kikazidi kuinama. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Nalungwe alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa khanga. Alipoufunua, macho yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa ile ile ya darasani.

"Haya. Sasa nisimulie huyo mama. Ile Dominika sikumsikia mpaka mwisho."

Sikuwa na kitabu. Nikamsimulia kwa kichwa: adhuhuri, jua kali, Bwana amechoka, anaomba maji kwa mtu ambaye hakutegemea kuombwa kitu. Nilisimulia taratibu, na majirani wakakaa chini. Nilipofika pale anaporudi mjini kuwaita watu, Nalungwe akanyoosha kidole.

"Umeruka. Aliacha mtungi wake."

"Kweli," nikasema. "Aliuacha."

"Ungekuwa wewe ndiye unayechota maji kila siku, usingeruka hapo." Kisha akaniuliza, "Anaitwa nani?"

"Injili haikumtaja jina."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye beseni lake.

Nilimpelekea Padre habari hizi, naye akasema atambatiza Pentekoste, pale pale kigangoni kwetu, mguu wa dada utakapokuwa umepata nafuu. Swali la jina nalo nikamwuliza. Padre akasema Wakristo wa Mashariki tangu zamani wana jina la huyo mama, wanamwita Fotina, na kwamba maana yake ni mwanga. Nilipompelekea Nalungwe jina hilo alilirudia mara mbili kwa sauti ndogo, kama anaonja chumvi kwenye mboga.

Asubuhi ya Pentekoste mvua zilikuwa zimeisha. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani yanangoja kuvunwa, na upepo wa baridi ulikuwa unapita humo ukitoa sauti ya watu wengi wanaonong'ona. Kanisa lilijaa mapema. Nalungwe alikaa benchi lake, na Bibi Monika alikuwa amehamia pembeni yake, mkono kwenye mkono. Kabla ya Misa kuanza nikasikia kelele nje, nikatoka. Watu kama kumi na wawili walikuwa wanapanda kilima kutoka barabarani, wanawake wengi na wanaume wachache, nguo zao safi, viatu vina vumbi. Mbele yao alikuwa dada mtu kwenye magongo, anatoka jasho.

Nikawakaribisha. Mzee mmoja katika hao, ambaye nilikumbuka kumwona uani kule Nakonde, akavua kofia, akanitazama usoni kwa makini.

"Samahani, baba," akauliza, "wewe ndiye yule mwalimu aliyekosea?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeitwa mwalimu, nimeitwa katekista, siku ya kunistaafisha waliniita nguzo ya kigango na kunivisha mgolole. Ng'ambo ile, kwa wale watu na sasa kwa wajukuu wao, sina jina jingine zaidi ya hilo alilonipa mzee yule. Nikienda Nakonde hadi leo naitwa hivyo sokoni, kwa heshima kabisa, na napewa kiti.

"Ndiye mimi," nikamjibu. "Ingieni, anakaribia kubatizwa."